UZI: Umerudi nyumbani baada ya upasuaji wa kujifungua. Mshono, dawa, kukanda, kuinuka kitandani na vinavyoharibu

Sista_Zamu

Wakuu, uzi huu ni wa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na zaidi ni wa wale watakaokaa naye nyumbani. Wodini anapewa maelezo ya dakika tano akiwa na usingizi na mtoto analia, anakabidhiwa bahasha ya vidonge, basi. Mengine anaokota kwa majirani. Kila mwenye taaluma yake achangie, ila zile za "mimi nilifanya hivi nikapona" tuziache nje.

Naanza na kilichokatwa. Daktari anapita ngozi, mafuta, halafu utando mgumu mweupe unaoshikilia misuli ya tumbo. Misuli yenyewe mara nyingi haikatwi, inasogezwa pembeni. Kisha ngozi nyembamba inayofunika matumbo, ndipo mfuko wa uzazi. Wakati wa kufunga, kazi nzito inafanywa na uzi wa kwenye mfuko wa uzazi na uzi wa kwenye ule utando mgumu. Mshono unaouona kwa nje unashika ngozi tu.

Ngozi hujifunga kwa juu ndani ya saa 24 hadi 48, ndiyo maana bandeji ya kwanza hutolewa muda huo. Utando wa ndani hauna haraka hiyo. Unataka kama wiki 6 ndipo utegemewe, na hata baada ya miezi 3 hufikia takriban asilimia 80 ya nguvu yake ya zamani. Kwa hiyo mama wa siku ya kumi, mshono mkavu, anatembea vizuri, anacheka na wageni, kwa ndani bado ameshikiliwa na uzi. Ndoo ya lita 20 inamsubiri hapo.

Kuosha: bandeji ikishatoka, anaoga kila siku. Maji safi na sabuni ya kawaida ya kuogea. Povu lipite juu ya mshono, lisuuzwe. Dodoki halifiki hapo na kidole hakisugui. Kukausha ni kwa kugusagusa na kitambaa safi cha pamba ambacho hakina kazi nyingine nyumbani. Kinafuliwa, kinaanikwa juani, kinapigwa pasi. Kisha mshono unaachwa wazi. Anayeugusa ananawa mikono kwanza, hata kama ni mama mkwe.

Mwenye tumbo linaloning'inia juu ya mshono ana kazi ya ziada, hasa kwenye joto la Dar, Tanga au Mombasa. Jasho linakaa kwenye mkunjo, ngozi inalainika kama ya mtu aliyefua siku nzima, mshono unaachia kwenye kona. Alale chali mara tatu au nne kwa siku, dakika 15 hadi 20, mkunjo umeinuliwa upate hewa. Akisimama aweke kipande cha gozi kavu (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) au kitambaa safi cha pamba katikati ya mkunjo, na kikilowa kibadilishwe palepale.

Kabla ya kutoka hospitali kuna swali moja la lazima: uzi wa nje ni wa kuyeyuka au wa kutoa? Nailoni hutolewa siku ya 5 hadi 7 kwa mkato wa mlalo wa chini, na siku ya 7 hadi 10 kwa mkato wa wima, au tarehe aliyoandika daktari. Ukiachwa wiki tatu unakata ngozi, unaacha alama kama ngazi, na kila tundu la sindano linakuwa mlango wa vijidudu. Uzi wa kuyeyuka hautolewi. Kancha kake kakichomoza pembeni, kasivutwe.

Mwana_Kwetu

Sista, vipi unga wa kapsuli? Huku mtaani wanafungua zile za rangi mbili wanamwagia kwenye mshono ukauke haraka.

Sista_Zamu

Hiyo ndiyo inayotupa kazi kuliko zote. Unga ukikutana na majimaji ya jeraha unashikana, unakuwa gaga gumu. Kwa juu panaonekana pakavu, kila mtu anafurahi. Chini ya gaga majimaji hayana pa kutokea, yanageuka usaha, na siku ya sita au ya saba ukilibandua gaga ngozi inafunguka nalo. Tena dawa ya kunywa ilitengenezwa ifike kwenye jeraha kupitia damu. Ikimwagwa juu haiingii ndani, inazoesha vijidudu tu.

Spiriti na haidrojeni paroksaidi vinaua vijidudu, sawa, lakini vinaua pia chembe changa za ngozi zinazojaribu kuziba. Ile dawa ya zambarau inaficha wekundu, na wekundu ndiyo taarifa yetu ya kwanza mambo yakianza kwenda kombo. Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, sidhani kama natakiwa kueleza.

Mshono mkavu uliofungika hautaki kitu. Ukiona umefunguka, hata kidogo, huo si wa kutibia nyumbani. Wakikuelekeza kuusafisha kwa maji ya chumvi na kituo kiko mbali: nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yanatumika siku hiyohiyo, yanayobaki yanamwagwa.

Mfamasia_wa_Kona

Niingie kwenye bahasha ya vidonge. Kosa kubwa ni kusubiri maumivu yafike juu ndipo mtu ameze. Siku tatu nne za kwanza dawa inafuata saa, haifuati kilio. Mtu mwenye maumivu hainuki, hakohoi vizuri, hanyonyeshi kwa utulivu, na hayo matatu yana hasara zake.

Mpangilio wa kawaida kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine: paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Jumla vidonge 8 kwa siku, hapo ni ukomo. Mama wa chini ya kilo 50 aulize, kipimo chake hupungua. Juu ya hiyo, kama ameandikiwa, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, akiwa amekula. Hizi mbili zinakwenda pamoja bila ugomvi na zinafaa kwa anayenyonyesha.

Zisizokwenda pamoja ni ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu wa tumbo moja. Ukizimeza zote umeongeza madhara kwenye tumbo na figo, nafuu haikuongezeka. Na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: kuna vidonge vya dukani vyenye diklofenaki na paracetamol ndani ya kidonge kimoja. Mama anameza hicho, halafu paracetamol za hospitali, halafu jirani anamletea cha mafua nacho kina paracetamol. Bila kujua amepita vidonge 8. Soma nyuma ya pakiti kila mara. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au aliyekuwa na presha kali ya ujauzito asianze ibuprofeni wala diklofenaki bila daktari wake kujua.

Kodeini na tramado zinapita kwenye maziwa na kwa baadhi ya akina mama zinaweza kumlegeza mtoto hadi apumue kwa shida. Si za kuazimana.

Vidonge vya madini ya chuma: kimoja kwa siku kama alivyoandikiwa, kwa wiki 6 hadi 12. Visimezwe na chai wala kahawa, maana vinashikwa humohumo tumboni; tenganisha kwa saa moja au mbili. Vikiandamana na chungwa vinafyonzwa vizuri. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke.

Antibiotiki ukipewa, maliza. Usipopewa, usiende kununua "za kukaushia". Hakuna antibiotiki ya kukaushia.

Binti_Pwani

Ahsante wote. Sasa tuseme ukweli, nani atamzuia bibi na sufuria lake? Kukanda kwa maji ya moto ni siku 40, kufunga mkaja vilevile. Wazee wanasema damu chafu ikibaki tumboni ni hatari, na tumbo lisipofungwa halirudi.

Mkunga_Mstaafu

Binti, bibi msimgombeze. Nia yake ni njema na nusu ya anayosema ina msingi. Kuna damu inayotakiwa kutoka, hiyo nifasi. Ila haihitaji kusukumwa. Mtoto akinyonya, mwili unatoa kichocheo kinachokaza mfuko wa uzazi, ndilo lile chango analolisikia anaponyonyesha, hasa mzao wa pili kwenda mbele. Mfuko unashuka kama upana wa kidole kwa siku, na kufikia siku ya 10 hadi 14 hauushiki tena ukipapasa tumbo. Damu ni nyekundu siku 3 hadi 4, inageuka ya kahawia au waridi hadi kama siku ya 10, kisha majimaji ya njano au meupe hadi wiki ya 4 au ya 6. Hayo yanatokea kwa aliyekandwa na kwa ambaye hakukandwa.

Ubaya wa kukanda kwa mwenye mshono ni huu. Mishipa midogo ya fahamu ya ngozi imekatwa, kwa hiyo eneo la juu ya mshono lina ganzi, na ganzi hiyo hukaa miezi. Kitambaa cha moto kikigusa pale, mama hasemi "basi" kwa sababu hasikii. Lengelenge linaonekana jioni. Kisha kuna ule mkandamizo wa viganja viwili na uzito wa mwili wote: unavuta utando wa ndani ambao Sista ameshaeleza umeshikwa na uzi. Na kitambaa chenyewe kinachovywa kwenye maji yaleyale mara ishirini kinaingiza uchafu. Kukaa juu ya moshi au mvuke wa sufuria nako kunaunguza sehemu za siri. Tuache kabisa.

Bibi apewe kazi nyingine ya maji ya moto: akande mgongo, mabega na nyayo kwa maji ya uvuguvugu. Mama aliyenyonyesha usiku kucha mabega yanamuuma kweli, na heshima ya bibi inabaki palepale.

Mkaja una faida ukifungwa vizuri. Unashikilia tumbo wakati wa kutembea na kukohoa, maumivu yanapungua. Kosa ni kuufunga katikati kwa nguvu hadi mama anapumua juujuu. Tumbo halipunguzwi hivyo. Msukumo unashuka kwenye nyama zinazobeba kibofu na mfuko wa uzazi, baadaye anavuja mkojo akipiga chafya. Tumia kanga au kitambaa kipana cha pamba, anza chini kwenye nyonga, panda kuelekea kitovuni, vidole viwili viweze kupita kati ya kitambaa na ngozi. Mshono uwe na gozi kavu juu yake. Kivuliwe wakati wa kulala, na kikilowa jasho kibadilishwe.

Viungo_Mtaalamu

Upande wa kuinuka. Watu wanajivuta moja kwa moja kutoka chali, au mume anawavuta mikono. Zote mbili zinakaza misuli ya mbele kwa nguvu zote. Afanye hivi: akunje magoti akiwa chali, ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mabega na nyonga vikienda sawa. Ashushe miguu ukingoni mwa kitanda, kisha ajisukume kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Miguu ikishuka inakuwa kama jiwe la mizani, kiwiliwili kinapanda chenyewe. Akae dakika moja asikie kama ana kizunguzungu ndipo asimame. Kulala ni hivyohivyo kinyume chake. Godoro la chini kabisa sakafuni linamtesa. Kama hakuna kitanda, pandisha magodoro mawili.

Kukohoa, kucheka, kupiga chafya: mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nne, aubane juu ya mshono kwa mikono miwili, kisha akohoe. Makohozi hayazuiwi, hasa kwa aliyelazwa usingizi kabisa.

Kutembea kuanze siku ileile au kesho yake, na nyumbani kuendelee: dakika tano mara sita kwa siku ni bora kuliko nusu saa mara moja. Kutembea ndiko kunakoondoa gesi, hata yale maumivu ya begani yanayoshangaza watu (gesi inasumbua kiwambo cha kupumulia, na mishipa yake ya fahamu inatoka jirani na ya bega). Akiwa amelala, azungushe vifundo vya miguu mara kumi kumi kila saa, kwa ajili ya damu isigande.

Uzito: kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Hesabu za nyumbani ni hivi: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ya lita 10 ni kilo 10, zote hapana. Maji ya kuoga yawekwe bafuni juu ya stuli, achote kwa jagi. Kuinama na kupuliza jiko la mkaa, kudeki kwa kuinama, kufua mashuka, kumbeba mtoto mkubwa anayelia wivu: hapana. Huyo mkubwa apandishwe kitandani ampakate akiwa amekaa.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa wiki mbili za kwanza. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kinatatua, mradi kiwe kigumu chenye miguu minne isiyoteleza na kingo zilainishwe. Cha kukaa kipo? Aweke miguu juu ya kistuli, aegemee mbele, abane mto tumboni, asikamue.

Mwana_Kwetu

Na chakula? Tumeambiwa maharage yanaleta usaha, machungwa yanaozesha mshono, mayai yanaleta mwasho.

Mkunga_Mstaafu

Kidonda kinajengwa na protini, na wanamnyima vyote vyenye protini wanamjaza chai ya rangi na mkate. Mayai, dagaa, maharage, samaki, nyama, maziwa, ale. Siku mbili tatu za kwanza maharage yanaweza kumjaza gesi, hiyo ni kweli, basi asubiri gesi itoke ndipo aanze. Chungwa na pera vina vitamini C ambayo mwili unaitumia kutengeneza nyuzi za ngozi mpya. Pera hata limezidi chungwa. Mtori mzuri, ila nyama isibaki kwenye sufuria ikaliwa na wageni. Uji wa pilipili manga hauna ubaya. Papai, mboga za majani na maji lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku ndiyo dawa ya choo kigumu.

Dokta_Kata

Mimi niseme vinavyotakiwa kuwarudisha hospitali, usiku au mchana.

Usaha wa mshono kawaida hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 7, yaani mama ameshatoka wodini. Kwanza maumivu yaliyokuwa yanapungua yanaanza kupanda. Kisha wekundu unaosambaa, joto, ugumu chini ya ngozi, harufu. Chora mstari wa kalamu kuzunguka wekundu jioni. Asubuhi ukiwa umevuka mstari, ondokeni. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni kuondoka bila kuchora chochote.

Kuna dalili moja watu hawaijui. Kati ya siku ya 5 na ya 10 mshono unaonekana mzuri, ghafla yanatoka maji mengi yenye rangi ya damu iliyopauka, kama maji yaliyooshea nyama, yanalowesha nguo. Watu wanasema "uchafu umetoka, vizuri". Hapana, inaweza kuwa utando wa ndani umeachia na ngozi pekee ndiyo iliyobaki kuzuia utumbo. Alale chali magoti yamekunjwa, asile wala asinywe, apelekwe. Utumbo ukitokeza usiurudishe ndani: funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisikauke njiani.

Damu: pedi inayojaa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa kuliko yai, ni dharura. Harufu mbaya na maumivu ya chini ya kitovu ni maambukizi ya mfuko wa uzazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, msiukande. Bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Pumzi ikikatika ghafla ndiyo hiyo. Hatari hii inaendelea wiki 6.

Kichwa kina aina mbili. Kinachouma akikaa au akisimama na kutulia akilala, kikianza ndani ya siku tano, ni cha sindano ya mgongo: majimaji ya uti wa mgongo yanavuja kwenye katundu. Alale, anywe maji, kahawa kidogo, paracetamol. Kisipopungua arudi, upo utaratibu wa kuziba tundu kwa damu yake mwenyewe. Kisichojali kulala wala kusimama, pamoja na kuona nyota au ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, pimeni presha saa hiyohiyo. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na hata kwa ambaye presha haikumsumbua akiwa mjamzito.

Mkojo: mpira ukishatolewa akojoe ndani ya saa 6. Akiwa nyumbani mkojo ukivuja wenyewe bila kujua, asifiche kwa pedi. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na njia ya uzazi, na inatibika. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wana huduma hiyo.

Baba_Kijacho

Sisi wanaume tunaingilia wapi? Sheria ya Tanzania inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, za pacha 100, baba siku 3.

Sista_Zamu

Siku 3 zitumie hivi. Ya kwanza usafiri: bodaboda hapana, bajaji kwenye barabara ya mashimo hapana. Gari dogo, mto tumboni, mkanda wa kiti upite chini ya mshono kwenye mifupa ya nyonga. Basi la kwenda mkoani lisubiri, na likishindikana ashuke atembee kila baada ya saa mbili. Siku ya pili panga nani atachota maji na kufua kwa wiki 6, kwa jina na kwa zamu, maana "tutasaidiana" huisha Jumatatu. Siku ya tatu shughulikia wageni. Kila mgeni anamwinua mama kitandani.

Usiku wewe ndiye unayemtoa mtoto alipolala na kumweka kwa mama. Ananyonyesha akiwa amelala ubavu, au mtoto akiwa chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma, ili asipige mshono mateke.

Tendo la ndoa, wiki 6. Na hapo hapo lijadiliwe la uzazi wa mpango, kwa sababu mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, na kovu linataka nafasi: miaka miwili kabla ya mimba nyingine ndiyo inayoshauriwa. Kijiti kinaweza kuwekwa hata kabla ya kutoka wodini. Kitanzi ndani ya saa 48 au baada ya wiki 4. Sindano kwa anayenyonyesha kwa kawaida husubiri wiki 6. Vidonge vyenye vichocheo viwili visubiri miezi 6.

Dokta_Kata

Nyongeza moja kabla sijaondoka. Ombeni karatasi ya upasuaji iandikwe sababu ya kupasuliwa na aina ya mkato wa *mfuko wa uzazi*. Kovu la ngozi halisemi mfuko ulikatwaje. Mtu anaweza kuwa na kovu la mlalo nje na la wima ndani. Mkato wa mlalo wa chini unaweza kumruhusu kujaribu kujifungua kawaida mimba ijayo, akiwa hospitali yenye chumba cha upasuaji. Wa wima wa juu haumruhusu, kovu linaweza kupasuka hata kabla ya uchungu. Karatasi ikishatoka ipigeni picha mbili, moja ibaki kwenye simu ya mama na moja kwa mtu mwingine, halafu yenyewe ipachikwe ndani ya kadi ya kliniki.